Simu Iliyozimwa Kwaresima

Ruiri, 12 Januari

Ndugu yangu Adrian,

Tumsifu Yesu Kristu. Najua hutaitika, lakini nimeshasalimu na salamu haifutwi. Habari za Embu? Habari za ofisini? Wifi yangu Ruguru anaendeleaje na ule uchovu wake? Mwanenu Wamuyu alirudi shuleni salama? Sisi huku Ruiri tuko. Mvua imetunyima, mahindi yamejikunja shambani, lakini ng'ombe anatupa maziwa ya chai na hatujalala njaa. Mguu wangu unauma nikiinuka. Nikishatembea kidogo unanyamaza.

Nakuandikia kando, si kwenye kundi letu la WhatsApp, kwa sababu kule Watoto wa Mbaabu hakuna anayeweza kusema neno la maana kabla mdogo wetu Kaburu hajabandika picha ya kocha wa Arsenal yako akilia. Na hili ni la maana.

Mlipokuja Krismasi nilikaa nyuma yenu kanisani. Watu walipoinuka kwenda kupokea Komunyo, wewe ulitoka nje kwa kiburi chako, ukaenda kusoma simu chini ya ukuta. Ruguru alibaki peke yake, akitazama migongo ya watu. Baadaye tukiosha vyombo akaniuliza, "Dada, siku hizi hostia ina ladha gani? Mimi nimesahau."

Nikamwambia haina ladha yoyote. Akacheka. Akasema, "Basi ninachokosa si kikubwa."

Adrian, sijalala vizuri tangu siku ile. Mwanamke huyo amekaa nje ya meza ya Bwana tangu alipokuja kwako, na si yeye aliyekataa harusi. Barikisheni ndoa yenu. Hata bila keki, bila hema, bila sisi. Mpeleke mbele ya padri, mseme maneno mawili, mke wako aweze kula.

Dada yako mkubwa,
Gladwell

*

Embu, 15 Januari

Dada Gladwell,

Milele na milele, Amina. Nimeitika; usiende kuwaambia kwenye jumuiya yako kwamba mdogo wako ni mpagani. Mimi ni mzima. Wamuyu alifika shule. Ruguru anachoka akipanda ngazi, anasema ni uzee, mimi nasema ni chumvi. Pole kwa mguu na kwa mahindi.

Sasa nikujibu. Wewe ulikuwa Ruiri, hukuona. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimetoka seminari kwa miguu yangu, kwa heshima, na barua ya gombera, mkuu wa seminari, mkononi. Nikaenda parokia kuandikisha ndoa kama Mkristo yeyote. Yule katekista akamtazama Ruguru tumboni, akafunga daftari, akasema kwanza apige magoti mbele ya jumuiya nzima, Jumapili, aombe msamaha kwa ajili ya njoo-tukae, kuishi na mwanamume bila ndoa. Yeye! Si mimi. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na hakuna aliyeniuliza tumbo lile lilitoka wapi. Na Ruguru akapiga magoti, Gladwell. Akiwa na mimba ya miezi saba, juu ya saruji, huku wanawake aliokuwa akichuma nao chai wakitazama viatu vyao. Alipoinuka, yule bwana akasema sauti haikusikika nyuma, arudie.

Nikamshika mkono tukatoka. Niliapa sitarudi pale kuomba kitu. Nimesoma historia ya Kanisa kuliko maaskofu wengine, na ninakuhakikishia kwamba Yesu hakumwambia mwanamke yeyote arudie kwa sauti. Kila wiki ninaandika hivyo kwenye Facebook, na kila wiki wananitukana watu ambao hawajawahi kufungua Biblia ila kukausha maua ya harusi ndani yake. Watukane. Mimi sitachoka.

Mwambie Kaburu timu yake ya Manchester itacheza Ulaya siku ng'ombe wako atakapotoa mafuta ya taa.

Ndugu yako,
Adrian

*

Ruiri, 2 Februari

Ndugu yangu Adrian,

Tumsifu Yesu Kristu. Habari za huko? Huku tumepata manyunyu mawili, namshukuru Mungu.

Nimesoma barua yako mara kadhaa na nimelia kwa ajili ya yale magoti. Hukuwahi kuniambia. Yule katekista alikosa, na nikikutana naye nitamwambia mbele ya watu, kwa sauti itakayosikika nyuma.

Lakini nijibu moja tu, wewe msomi. Kwa miaka yote hii unaandika "tulikataa." Umewahi kumwuliza Ruguru kama yeye alikataa? Aliyepiga magoti ni yeye, na bado kila Jumapili anaenda. Aliyesimama ni wewe, na ndiye uliyekasirika mpaka leo.

Kila Agosti unaisamehe Arsenal. Inakuvunja moyo mwaka mzima, inakufanya uzime simu na kujificha kwa siku mbili, tatu kama mtu aliyeua, halafu Agosti unavaa jezi mpya na kusema mwaka huu ni wetu. Una moyo wa kusamehe wachezaji kumi na mmoja wasiojua kama uko duniani, na benchi lao lote. Katekista mmoja, mzee, aliyeshastaafu, amekushinda?

Dada yako,
Gladwell

*

Embu, 20 Februari

Dada Gladwell,

Habari za Ruiri? Umepata majivu ya Kwaresima? Mimi nilipata. Usianguke. Nilienda na Ruguru Jumatano jioni, nikapanga foleni, nikapakwa kwenye paji la uso kama kila mtu. Majivu hayahitaji cheti cha ndoa.

Ulinipiga mahali pabaya. Nilikaa na barua yako wiki nzima. Mwishowe nikamwuliza. Tulikuwa tunachambua mboga. Nikasema, "Mama Wamuyu, ile siku, wewe ulikuwa umekataa?" Akasema, "Mimi nilikuwa navuta pumzi ili nirudie kwa sauti. Wewe ukanishika mkono." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ya sukuma wiki.

Basi nikaenda kumwona padri mpya, Padri Misheck. Kijana. Nilikwenda nimejipanga, nina vifungu vya sheria ya Kanisa kichwani, nimevitia makali tayari kwa vita. Akanikaribisha chai. Akaniuliza ninashabikia nani. Nikamwambia. Akasema, "Pole sana, mzee, basi umeshafanya kitubio cha kutosha." Ni Man U, mjinga yule. Nilicheka kabla sijakumbuka kwamba nilikuja kugombana.

Hakutaka magoti ya mtu. Alisema mimi na Ruguru tu, mashahidi wawili, asubuhi ya kawaida. Ila si sasa, kwa sababu wakati wa Kwaresima parokia haifungi ndoa. Baada ya Pasaka, Jumamosi ya kwanza. Ningeweza kumbishia, kuna mlango wa ruhusa pale nikiusukuma, lakini kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaamua kutosukuma. Wiki chache ni nini?

Nilipomwambia Ruguru, aliinuka. Akaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi. Kisha nikamsikia akiimba Kilatini chake kibovu alichofundishwa na masista, na sikumsahihisha.

Wewe na Muchangi kaka yake ndio mashahidi. Usimwambie Kaburu, atatengeneza picha.

Ndugu yako,
Adrian

*

Ruiri, 15 Machi, Jumapili

Kwa marehemu mtarajiwa Adrian,

Tumsifu Yesu Kristu. Pole kwa msiba. Tumepokea kwa majonzi habari za kifo cha timu yako, kilichotokea ghafla leo dakika za mwisho, mbele ya mashabiki wake wote, baada ya kuugua ugonjwa wa kujisifu kwa muda mrefu. Raha ya milele uipe ee Bwana. Kamati ya mazishi inakutana kwenye kundi, mwenyekiti ni Kaburu, mweka hazina ni Kaburu, mwimbaji ni Kaburu.

Najua ujumbe huu utakaa na tiki moja. Umeshazima simu, umeshachukua jembe lako na kukimbilia kwenye shamba lako la ndengu huko Mbeere mpaka majirani wachoke kukucheka. Kaa huko. Ruguru amenipigia kutoka Kianjokoma, yuko kwa mama yake wanachuma majani chai, anasema naye anacheka. Anasema, "Mwacheni aomboleze, akishapoa atawasha." Amenunua kitambaa cha gauni. Si cheupe, amesema, ni cha rangi ya maziwa, kwa sababu ana umri wa kujua tofauti.

Ukiwasha, unijibu kwa unyenyekevu.

Dada yako mwenye furaha isiyo ya Kikristo,
Gladwell

*

Ruiri, 16 Machi, Jumatatu asubuhi

Adrian,

Washa simu. Muchangi amenipigia. Ruguru ameanguka kwenye majani chai leo asubuhi, pumzi imembana. Wanamleta hospitali hapo Embu. Anaongea. Mimi naondoka sasa hivi.

Nimeandika kwenye kundi kwamba unatafutwa, na Kaburu akajibu kwamba hata polisi hawampati shabiki wa Arsenal siku ya Jumatatu. Hakuwa amesoma juu. Ameshafuta. Anakupigia naye sasa, sote tunakupigia.

Washa simu, kaka.

Gladwell

*

Embu, hospitalini, 16 Machi, jioni

Ndugu yangu,

Nakuandikia kwa sababu nikiacha kuandika nitapiga kelele.

Daktari amesema ni moyo. Umepanuka, umechoka kwa muda mrefu, ule uchovu wa ngazi haukuwa chumvi wala uzee. Wanafanya wanaloweza. Amewekewa hewa. Anaongea, lakini maneno machache, kisha anapumzika.

Muchangi alienda nyumbani kwako, ni mwendo mfupi tu kutoka hapa. Akakuta kufuli. Majirani wakamcheka, wakamwambia, "Huyo hayupo mpaka Jumatano, hukuona mpira?" Akawaeleza, wakaacha kucheka, lakini hakuna anayejua shamba lako liko wapi. Mimi nilifika huko mara moja tu. Nimemwelekeza nilivyokumbuka: apite Kiritiri, aulize mahali penye mizinga ya nyuki na yule jirani mwenye punda. Amechukua pikipiki.

Padri Misheck amekuja. Ruguru alimwita mwenyewe. Sikutoka kwa sababu hakuniachia mkono. Padri akasema anaweza kuwafungisha ndoa hapa hapa kitandani, leo, Kwaresima au si Kwaresima, hatari ya kifo haingoji Pasaka. Akasema, "Nahitaji tu mzee aje aseme ndiyo." Sote tukatazama simu yangu mezani.

Tukangoja. Tukangoja sana. Kisha Padri akainama akamwambia kwa upole, "Mama, kama hatutampata, naweza kukuungamisha. Utubu yote, pamoja na hili la kuishi bila ndoa, nikupe Komunyo."

Wifi akavuta hewa. Akasema, "Padri, dhambi ninazo. Nina kijicho, nina mdomo, niliwahi kumlaani katekista. Hizo nazitubu. Lakini kuishi na Baba Wamuyu sitasema nimejuta, kwa sababu sijajuta. Nitamdanganya Mungu nikiwa mlangoni kwake? Tumsubiri. Atakuja, tufunge, halafu nile."

Padri alisema hata kukusudia tu kufunga ndoa kungetosha. Akamweleza vizuri, mara mbili. Yeye akatikisa kichwa. "Tumsubiri. Timu yake imefungwa tu. Anawashaga."

Padri amekaa kwenye kiti mlangoni, hajaondoka. Hostia iko kwenye kile kikopo kidogo mfukoni mwa shati lake, na ameweka mkono juu yake.

Adrian, njoo.

Dada yako

*

Embu, 17 Machi

Ndugu yangu,

Ukiwasha simu, usisome zilizotangulia. Njoo tu hospitalini. Nipo mlangoni.

Gladwell

*

Ruiri, 9 Aprili

Ndugu yangu Adrian,

Tumsifu Yesu Kristu, mfufuka. Pasaka njema, ingawa najua neno njema halikutoshi. Unakula? Unalala? Wamuyu yuko na wewe likizo hii au yuko kwa nyanya yake Kianjokoma? Huku mvua imekuja kwa nguvu. Mahindi yaliyobaki yameinuka. Nimekuwa nikipanga maneno ya kukuandikia tangu tulipomzika Ruguru, na kila mara nikaogopa. Hata salamu zetu za mpira zimekufa. Kwenye kundi hakuna anayebandika kitu. Timu ya Kaburu ilishinda na hakusema neno.

Nisamehe kwa barua ile ya Jumapili, ile ya raha ya milele. Najua niliandika kabla hajaanguka. Naisikia tu masikioni.

Nataka kukuambia jambo ambalo nilifikiri litakupa nafuu. Nilizungumza na Padri Misheck. Anakuulizia. Amesema usijitenge, kwa sababu kwa sheria sasa hakuna kizuizi tena. Wewe ni mgane. Ukienda kuungama, kitu kimoja tu, dakika chache, unaweza kupokea Jumapili hiyo hiyo. Ruguru angefurahi, Adrian. Kile alichokitamani akafa bila kukipata, wewe ukile kwa niaba yake. Nimekuwa nikiomba hivyo kila siku kwenye rozari.

Nenda, ndugu yangu. Usiruhusu hasira ikunyime tena.

Dada yako anayekupenda,
Gladwell

*

Kianjokoma, 26 Aprili, Jumapili

Dada Gladwell,

Milele na milele, Amina. Sisi ni wazima. Wamuyu yuko hapa nami kwa nyanya yake, anakula kidogo, analala sana. Amerithi kazi ya mama yake ya kutazama nje ya dirisha. Mimi nachuma chai vibaya, mama mkwe ananicheka, na ninashukuru kwamba kuna anayecheka.

Huna cha kusamehewa. Acha nikuambie nilivyozisoma, halafu tusirudie. Muchangi alinikuta napalilia. Niliwasha simu nikiwa nyuma yake kwenye pikipiki, na mtandao ukaja tulipopanda mlima. Zikaingia zote kwa pamoja. Kwanza picha ya Kaburu. Kisha kamati yako ya mazishi. Nilitabasamu, Gladwell. Muchangi alikuwa ameniambia mke wangu ni mgonjwa, hakuniambia zaidi, na mimi, juu ya pikipiki ile, nikatabasamu kwa utani wa mpira. Kisha nikateremsha kidole.

Baada ya hapo nilitaka vita. Unanijua. Nilitaka wakatae kumzika na Misa ili nipate mtu wa kushika shati. Nilikuwa nimeshaandika makala nzima kichwani, kali kuliko zote, yenye majina. Padri Misheck akaja akaimba Misa nzima, kaburini akashika koleo mwenyewe, mvua ikimnyeshea. Hakunipa hata upande wa kumpiga. Yule katekista mzee alikuja pia, na fimbo, akakaa nyuma. Nilienda kwake nikiwa nimekunja ngumi, nikakuta hakumbuki. Hanikumbuki mimi, hamkumbuki yeye, wala siku ile. Alinipa pole kama anavyompa kila mtu. Kwa miaka kumi na minane nilikuwa nikipigana na mtu aliyeshaenda nyumbani kulala. Sina adui, dada. Ningekuwa naye ningelala vizuri zaidi.

Sasa hili la barua yako. Nimejizuia nisikujibu siku ile ile, kwa sababu ningekuumiza na wewe hukukusudia. Lakini nitakujibu.

Hakuna kizuizi! Sikia neno lenyewe. Kizuizi kilikuwa nani? Kilikuwa na jina, kilikuwa kinaimba Kilatini kibovu, kilinunua kitambaa cha rangi ya maziwa ambacho fundi bado anacho. Sheria ni kweli, nimeifungua nikaisoma tena, na haina kosa hata nukta. Mimi niliyeidharau meza ile, niliyetoka nje kusoma simu ukutani, sasa nimefunguliwa mlango. Yeye aliyeililia amefungiwa. Na kinachodaiwa kwangu ni kitu kimoja tu, dakika chache: niseme nimejuta kuishi naye.

Nilienda, Gladwell. Usifikiri sikuenda. Nilipiga magoti mbele ya Padri Misheck Jumamosi iliyopita, mimi niliyeapa. Nikaungama yote. Kiburi, simu, matusi ya Facebook, kila jioni niliyoupa mpira na kumwacha yeye jikoni. Nililia kama mtoto. Kisha tukafika pale. Akaniuliza kwa sauti ya chini sana. Alikuwa anataka niseme, nilimsikia anavyotaka, nusu ya neno ingemtosha. Nikafungua mdomo. Nikamwona Ruguru na hewa puani, akitikisa kichwa, akikataa kunikana ili ale.

Sikusema. Najutia harusi niliyomnyima, hilo nalijutia mpaka nife. Yeye sitamjutia. Padri akanibariki bila kuniondolea dhambi, nikaondoka. Sikumkasirikia.

Usinifanyie rozari ya kunibadilisha. Niombee nivumilie. Ninaenda Misa kila Jumapili hapa Kianjokoma, mimi na Wamuyu na mama mkwe, benchi la tatu kutoka mbele, upande wa wanawake. Wameniacha nikae hapo. Sitoki nje tena. Watu wakiinuka kupokea ninabaki nimekaa. Leo nimejifunza jambo ambalo hakuna kitabu kilichowahi kuniambia: nafasi kati ya mabenchi ni nyembamba, na anayebaki hana budi kukunja miguu upande ili wengine wapite waende kula. Wakirudi, anaikunja tena. Mama mkwe alinipita, Wamuyu akanipita, akanishika bega asianguke.

Yeye alifanya hivyo kila Jumapili, Gladwell, na hata siku moja hakuniambia kwamba magoti yanauma.

Ndugu yako,
Adrian